Ada ya Peni 50 Haikuanzia Dukani

Kabla ya mwaka 2018, katika maduka mengi madogo ya mitaani nchini Uingereza, ilikuwa kawaida kukuta karatasi iliyobandikwa karibu na mashine ya kadi ikieleza kwamba anayelipa kwa kadi chini ya pauni 5 ataongezewa peni 50. Wateja waliichukia karatasi hiyo, na haishangazi, kwa kuwa anayenunua maziwa ya pauni moja na kutozwa peni 50 juu yake analipa nusu ya bei ya maziwa hayo kwa kosa la kutokuwa na sarafu mfukoni. Hata hivyo, ninaamini kwamba lawama nyingi zilimwangukia mwenye duka, mtu aliye mwisho kabisa wa mnyororo wa malipo, ambaye hakupanga ada iliyomsukuma kubandika ile karatasi.

Kadi inapopitishwa kwenye mashine, malipo hayo hukatwa asilimia fulani na pande tatu: benki iliyompa mteja kadi, mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, na kampuni inayompokelea mwenye duka fedha zake. Mikataba mingi ya maduka madogo huongeza juu ya hayo gharama ya kukodi mashine, kiwango cha chini cha malipo kwa mwezi hata kama biashara ni mbaya, na peni kadhaa kwa kila muamala bila kujali thamani yake. Asilimia haimwumizi sana mwenye duka, kwa sababu hupanda na kushuka pamoja na mauzo. Zile peni zisizobadilika ndizo zinazomwumiza.

Tuchukue tiketi ya bahati nasibu ya taifa ya Uingereza inayouzwa kwa pauni 2. Mwenye duka hupata asilimia 5 tu kwa tiketi za droo, yaani peni 10, na hana uwezo wa kupandisha bei hiyo. Tuseme mkataba wake unamtaka alipe asilimia 1 pamoja na peni 5 kwa kila muamala: zitamtoka peni 7, naye atabaki na peni 3 za kulipia pango, umeme na saa anazosimama nyuma ya kaunta. Mkataba huohuo, mteja akinunua vitu vya pauni 40, humkata peni 45, ambazo ni zaidi kidogo ya asilimia 1. Kwa hiyo mwenye duka haichukii kadi, bali anachukia kadi inapotumika kwa kitu kidogo.

Ninakubali kwamba peni 50 zilizidi gharama hiyo kwa mbali. Kwa maoni yangu hazikuwekwa ili kurudisha peni 7. Ziliwekwa ili mteja ama atafute sarafu ama aongeze bidhaa mpaka afike pauni 5, na baadhi ya wenye maduka bila shaka walizifurahia kama kipato cha ziada. Serikali ilipozipiga marufuku tarehe 13 Januari 2018 sikuona sababu ya kuzililia. Lakini marufuku hayo hayakugusa mkataba wa mwenye duka. Ada aliendelea kuilipa, ila sasa ilimbidi aifiche ndani ya bei, ambako hata anayelipa kwa fedha taslimu huichangia, au aweke kiwango cha chini cha kununua kwa kadi, jambo ambalo sheria hiyo haikulikataza.

Juhudi za kubana ada kutoka juu zilikuwapo pia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 iliweka ukomo wa sehemu inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi: asilimia 0.2 kwa kadi za debiti na 0.3 kwa kadi za mkopo. Mwaka 2021 mamlaka ya Uingereza inayosimamia mifumo ya malipo, Payment Systems Regulator, iliripoti kwamba unafuu huo haukuwafikia wafanyabiashara wadogo, au uliwafikia kwa kiasi kidogo sana, kwa kuwa ulibaki mikononi mwa kampuni zinazowapokelea malipo.

Marekani nako kuna funzo. Mwaka 2011 ulianza kutumika ukomo wa ada ya kadi za debiti za benki kubwa, senti 21 pamoja na asilimia 0.05, na mitandao ya kadi, ambayo awali ilitoza miamala midogo senti chache tu, ikaugeuza ukomo huo kuwa bei ya kawaida. Redbox, iliyokodisha DVD kwa dola 1 kwa usiku, ilipandisha bei hadi dola 1.20 mwezi Oktoba mwaka huohuo na kutaja ada za kadi kuwa ndiyo sababu. Sheria iliyokusudiwa kumsaidia muuzaji ilimwumiza zaidi yule anayeuza vitu vya bei ndogo.

Sisi wa Afrika Mashariki tusijione tuko mbali na mambo haya. Muuzaji anayesema "tuma na ya kutoa" Nairobi, au "weka na ya kutolea" Dar es Salaam, anafanya kilekile alichofanya mwenye duka wa Uingereza. Kwa viwango vya M-Pesa vya Kenya, kutoa shilingi 150 kwa wakala hugharimu shilingi 29, na kutoa shilingi 2,500 hugharimu shilingi 29 vilevile. Katika kiasi cha kwanza ada inakaribia asilimia 20, na katika cha pili inazidi 1 kidogo tu. Anayeuza mboga za shilingi 150 hawezi kuibeba ada hiyo, na simlaumu akiirudisha kwa mnunuzi.

Hata hivyo, Kenya dawa yake imeshapatikana. Kwenye namba ya Lipa na M-Pesa ya kununulia bidhaa, muuzaji hutozwa asilimia 0.55, na malipo yasiyozidi shilingi 200 hayatozwi chochote. Huko Uingereza pia zimeingia mashine kama ya Square, inayotoza asilimia 1.75 bila peni za ziada kwa kila muamala, na mwenye mashine ya namna hiyo ambaye bado anakataa kadi chini ya pauni 5 hana hoja ninayoweza kumtetea nayo. Vivyo hivyo kwa muuzaji mwenye namba ya biashara ukutani ambaye bado anakuelekeza utume kwenye namba yake binafsi, pamoja na ya kutoa. Huyo anaepuka kitu kingine, pengine macho ya mtoza kodi, na gharama ya kuepuka huko anataka ailipe mteja.