Kabla ya Kufunga Manifoldi ya Kaboni, Fikiria Chumvi

Jioni ya Jumapili pale Mama Ngina, Mombasa, utayakuta magari yamefunguliwa boneti na vijana wameinamia injini. Siku hizi kinachoonyeshwa zaidi si turbo yenyewe, ile pampu inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, ni manifoldi ya hewa, mabomba yanayogawia hewa hiyo kwa kila silinda, hasa ile ya faiba ya kaboni, nyeusi, yang'aa kama imepakwa mafuta. Inapendeza, sikatai. Lakini kila kijana anayeniuliza, "Kaka, nami nifunge hii?" humjibu vilevile: kwa gari la turbo linalolala Mombasa, usifunge. Tafuta alumini ya kalibu, ile iliyomiminwa ikiwa uji wa moto, kama viwanda vya Japani vilivyozifunga kwenye injini zao za turbo miaka ya tisini.

Sababu yangu ya kwanza ni chumvi. Kaboni hupitisha umeme. Ukiigusanisha na alumini, kisha unyevu wa bahari ukaingia katikati, umetengeneza betri, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Sasa manifoldi itakaa wapi kama si juu ya silinda hedi ya alumini, kile kichwa cha injini? Niliwahi kusaidia kufungua moja kutoka gari lililokuwa likiegeshwa Nyali, karibu kabisa na ufuo. Kuzunguka matundu ya bolti palikuwa na unga mweupe kama chokaa. Tulipoufuta, uso wa hedi ulikuwa na vishimo; nilipitisha ukucha ukanasa. Hedi ikabidi ipelekwe kukwanguliwa, gharama ambayo mwenye gari hakuitarajia kabisa. Watengenezaji wazuri huweka tabaka la faiba ya kioo kati ya kaboni na alumini, nami nalijua hilo, ila tabaka hilo ni jembamba, na spana ikiteleza mara moja tu limekwaruzika. Kule kusiko na bahari huenda ukadumu nayo. Hapa hewa yenyewe ina chumvi usiku na mchana. Na manifoldi ya magnesiamu, ambayo chumvi huila upesi zaidi, ndiyo usiiguse kabisa.

Plastiki naiheshimu kuliko watu wanavyodhani. Ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, nyepesi, laini ndani, na joto la injini haipitishi kirahisi. Hata BMW, kwenye injini yao ya turbo ya B58, walitumia manifoldi ya plastiki yenye kipoza hewa cha maji ndani yake. Kwa hiyo kama presha ya turbo ni ile ya kiwandani, iache mahali pake, pesa zako zina kazi nyingine. Shida huanza ukipandisha presha. Manifoldi hizi hutengenezwa vipande vipande kisha huunganishwa kwa kusuguliwa hadi plastiki iyeyuke ishikane, na mshono huo ndio udhaifu wake. Yangu ilipasuka hapo hapo kwenye mshono, karibu na Makupa, baada ya injini kubweka mara moja, yaani mafuta kulipukia ndani ya njia ya hewa. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini gari halikuvuta tena mpaka nikaburutwa hadi gereji.

Tuje kwenye lawama ya alumini, kwa sababu ipo na ni ya kweli. Alumini hupitisha joto mara mamia kuliko nailoni ile. Foleni ya feri ya Likoni, saa nane mchana, weka kiganja juu ya manifoldi kisha uniambie ulikiacha kwa sekunde ngapi. Hewa uliyoipoza kwa intakula, kile kipoza hewa, ya bei ghali inaingia kwenye tanuri. Kompyuta ya gari ikisikia joto hilo huchelewesha cheche ili injini isigonge, na nguvu zako zimekwenda. Gari likishachanganya kasi barabarani, hewa hupita haraka kiasi kwamba haipati muda wa kuchukua joto jingi. Kwa hiyo adui wetu mjini ni foleni, na foleni ina dawa. Weka gasketi nene ya plastiki ngumu inayozuia joto kati ya hedi na manifoldi, na uangalie kama bolti zitatosha urefu. Kisha yatazame yale maji ya moto yanayopitishwa kwenye mlango wa hewa. Yaliwekwa ili barafu isigande huko kwa wenzetu wa baridi. Sisi barafu tunaijua kwenye madafu na juisi tu! Ukishahakikisha kuwa silensa ya injini yako, yaani mzunguko wake gari likiwa limesimama, haiyategemei, yakwepeshe.

Kuna wanaotaka manifoldi ya kuungwa kwa bati za alumini, yenye tumbo kubwa la kukusanyia hewa. Nzuri, mradi fundi awe fundi. Piga hesabu nami: ubavu bapa wa sentimita 40 kwa 15 ni sentimita mraba 600. Turbo ikisukuma kilo 1 kwa kila sentimita mraba, ubavu huo umebeba kilo 600, na unaachiwa na kubebeshwa tena kila unapokanyaga mafuta. Bati bapa hufura na kurudi, hufura na kurudi, mpaka weldi ichanike. Kwa hiyo tumbo liwe la mviringo, au bati liwe nene. Mimi hupendelea mafundi waliozoea kuunga alumini za boti kwa gesi ya agoni. Mmoja wao, mzee kiasi cha baba yangu, aliifunga flenji, ule uso bapa wenye matundu ya bolti, kwenye hedi kuukuu kabla ya kuchomelea. "Mwanangu," akaniambia, "usipoifunga itapinda kama kaimati." Alipomaliza akailaza juu ya kioo kinene, akapitisha kipande cha karatasi pembeni. Hakikuingia popote.

Chochote utakachochagua, usiwashe gari kabla ya kukijaribu. Ziba mdomo wa turbo, azima kompresa ya fundi pancha, jaza pauni 15, chini ya nusu ya tairi lako, kisha pakaza maji ya sabuni kwenye kila weldi, kila paipu, kila gasketi. Inamisha kichwa utazame povu. Linapofura, hapo ndipo pa kurekebisha.