Feni kunyamaza si habari njema
Eti mfumo wa kupunguza radoni, ile gesi ya mionzi inayopenya ndani ya nyumba kutoka ardhini, ukishafungwa nyumbani, mwenye nyumba anaweza kuusahau? Makala niliyosoma inadai hivyo, na hapo imepotoka. Bomba la plastiki litadumu miaka na miaka, sawa, lakini feni inayofyonza hewa ya chini ya sakafu haipumziki usiku wala mchana, na ndiyo hufa kwanza. Yangu ilianza kukoroma mwaka wa 8, kisha ikanyamaza, nami nikafurahia utulivu (ujinga wangu!) hadi nilipotupia jicho kile kimrija chenye umbo la U kilichobandikwa kwenye bomba: kimiminika chake cha rangi kimelingana pande zote mbili, yaani hakuna kinachofyonzwa. Na hata kisipolingana, kimrija kinaonyesha nguvu ya kufyonza tu, radoni yenyewe hakiipimi. Sakafu ikipata nyufa mpya, gesi inaweza kupenya huku feni ikivuma vizuri kabisa. Ndiyo maana EPA, shirika la mazingira la Marekani, linashauri nyumba yenye mfumo ipimwe upya angalau kila baada ya miaka 2. Nyie wenzangu wenye mifumo hii, mara ya mwisho mlipima lini?