Aliyegongwa Kichwa Asirudi Uwanjani

Vijana wawili wanarukia mpira wa kona, vichwa vinagongana, mmoja anabaki chini. Anamwagiwa maji, anaulizwa, anasema niko sawa, mechi inaendelea. Kocha anayethubutu kumtoa ndiye anayezomewa, Malindi na Lamu vilevile, na ni yeye ninayemtetea hapa.

Wanaomzomea wana hoja. Vijana wengi hupona kabisa, kwa kawaida ndani ya wiki nne. Mpira huwashughulisha jioni, saa ambazo wauza unga nao wako kazini. Hata ile asilimia 41 inayowatisha wazazi isomwe polepole. Mwaka 2023 watafiti wa Boston walichapisha uchunguzi wa bongo 152 za wanamichezo waliofariki kabla ya miaka 30. 63, ndiyo hiyo asilimia 41, zilikuwa na CTE, maradhi ya ubongo yanayotokana na kugongwa mara kwa mara. Lakini bongo hizo zilitolewa na familia, nyingi zikiwa tayari na wasiwasi. Hesabu hiyo haipimi vijana wote wanaocheza.

Kocha haitegemei asilimia hiyo. Kichwa kikitikiswa, potasiamu hutoka ndani ya seli za ubongo, kalsiamu ikaingia. Seli hutaka sukari nyingi kurudisha hali yake, na damu inayoileta ndiyo kwanza imepungua. Pigo la pili siku hizo, hata dogo, huikuta seli haina akiba. Mara chache sana ubongo wa kijana huvimba ghafla na kuua. Linalotokea zaidi ni maumivu ya kichwa ya miezi, ubao usiosomeka, usingizi mbovu na hasira nyumbani, mzazi akidhani ni ubalehe tu.

Usingoje azimie, wengi hawazimii. Muulize: tuko uwanja gani, kipindi cha ngapi, nani kafunga la mwisho, mechi iliyopita tulicheza na nani? Akikosea, atoke. Akipatia lakini anapepesuka au mwanga unamuumiza, atoke pia. Wakati wa Ramadhani kichwa kinachouma husingiziwa saumu. Kama aligongwa, saumu isilaumiwe. Akitapika tena na tena, akipata degedege au usingizi ukizidi, ni hospitali, na aliye kisiwani asingoje boti ya asubuhi.

Kumfungia chumbani wiki nzima nako ni kosa. Apumzike siku moja au mbili, simu ikae mbali, kisha atembee, akimbie polepole, acheze na mpira peke yake. Dalili zikiisha na daktari akiruhusu, afanye mazoezi na wenzake bila kugusana, halafu mazoezi kamili, mechi mwisho. Kila hatua si chini ya saa 24, na masomo yatangulie mpira.

Tangu 2024 sheria za soka za kimataifa zinaruhusu mashindano kuongeza mbadala wa ziada kwa aliyegongwa kichwa, na timu pinzani hupata wake. Waandaaji wa vikombe vyetu waiingize kwenye kanuni kabla ya droo, maana kocha aliyemaliza wabadala ndiye wa kwanza kuapa kwamba kijana yuko sawa.