Dada wa Kwenye Video Hajanichukua Vipimo

Mimi ni fundi cherehani, na kwenye kazi yetu kuna sheria ambayo hata mwanafunzi aliyeingia leo asubuhi anaijua: hukati kitambaa kabla hujampima mtu. Sasa naomba mniambie, huyu dada wa kwenye video za mazoezi alinipima lini? Mimi niko Mbagala na kitambi changu, yeye yuko kusikojulikana na tumbo lisilowahi kukutana na ugali wa usiku, halafu ananipigia kelele: "Ruka! Tena! Usisimame!" Nisisimame vipi, dada yangu, wakati goti la kulia limeshagoma bila hata kutoa notisi?

Yote haya yaliletwa na nesi. Nilikwenda kupima presha, akaitazama mashine, akanitazama mimi, akairudia mashine. "Mzee wangu, mazoezi unafanya?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba nakanyaga cherehani kutwa, tangu nikiwa kijana. Akatabasamu vile wanavyotabasamu, akavuta droo na kutoa futi kamba. Futi kamba, jamani! Kifaa changu cha kazi, leo kinanigeukia! Nikamwambia asijisumbue, kiuno changu ni inchi 36, nakijua kwa sababu suruali hii nimeshona mwenyewe. Hakunisikiliza. Akatafuta mwisho wa mbavu, akatafuta mfupa wa nyonga, akapitisha kamba katikati ya hapo, akasoma: 43.

Wanaume wenzangu, habari ndiyo hiyo. Kila mmoja wetu ana kiuno cha suruali na kiuno cha hospitali. Suruali tunaifungia chini ya kitambi, huko kwenye amani, halafu tunatembea mjini tukijisifu bado ni 36. Hospitali wanapima mlima wenyewe, na mwanaume akizidi sentimita 102, yaani kama inchi 40, wanaanza kumweleza habari za sukari na moyo kwa sauti ya chini. Wanawake mpaka wao uko kwenye 88. Mama watoto nilimpelekea taarifa hiyo kwa nia njema kabisa. Sitasema alinijibu nini.

Basi binti yangu wa mwisho, ambaye ndiye waziri wa simu humu ndani, akanipakulia video. Gym siendi, ile ada ni jora zima la kitambaa. Vikundi vya jogging navyo nawaheshimu, wanapita hapa Jumamosi alfajiri na filimbi zao na fulana zao za rangi moja (baadhi nimeshona mimi, na deni halijaisha), lakini wale wanakimbia mpaka magari yanawapisha. Hata Serikali, mwishoni mwa 2016, iliposema Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, mimi niliunga mkono kwa moyo wote. Ila kwa fundi, Jumamosi ni siku ya harusi. Kuna bibi harusi gani atakayenisubiri nimalize kukimbia?

Kwa hiyo nikabaki na video. Ya kwanza ilijinadi: "Huhitaji kifaa chochote, nafasi ndogo tu inatosha." Nafasi ndogo ya kwao ni ukumbi! Sebule yangu ina makochi, meza ya kioo, friji ambalo halina pa kwenda, na pangaboi lililoning'inia kiasi kwamba mtu akiinua mikono juu kwa furaha, anaishusha akiwa amepungua vidole. Mazoezi ya kuinua mikono mimi nafanyia mlangoni, nusu ya mwili ndani, nusu kwenye korido, wapangaji wanapita na ndoo wananisalimia.

Ya pili iliandikwa "kwa wanaoanza". Wanaoanza nini, kwenda vitani? Dakika ya kwanza watu wanaruka juu wakipanua miguu. Na mimi nikaruka. Vikombe kabatini vikaitikia. Jirani wa chumba cha pili akaja kugonga, anauliza kwa upole: "Baba, kwema? Tumesikia vishindo, tukasema labda mama leo amechoka kuvumilia." Yaani mtaa mzima ulishakaa tayari kunisuluhisha mimi na mke wangu, na hakuna hata mmoja aliyedhani kwamba mpigaji ningekuwa mimi.

Kitu ninachotaka kulalamikia kwa dhati ni yule dada wa nyuma. Mnamjua. Kwenye kila video kuna mmoja wamemweka pembeni kabisa, yeye ndiye anayefanya ile namna nyepesi, kwa ajili yetu sisi. Wenzake wakiruka, yeye anapiga hatua. Wakishuka mpaka chini, yeye anaishia katikati. Huyo ndiye mtu wangu! Lakini kamera haimpendi. Unamwona sekunde mbili, ukitaka kujua mguu unaweka wapi, kamera imeshakimbilia kwenye jasho la kiongozi. Na hata yeye ana miaka ishirini na kitu, hana kitambi, anafanya namna nyepesi huku akitabasamu. Kwa nini wasimweke mzee mmoja pale, mwenye goti bovu, akunje uso kidogo tujue tuko wengi?

Kitu kilichoniokoa alikigundua binti yangu. Alinionyesha kwamba video inaweza kupunguzwa mwendo. Nikaiweka nusu. Dada akaanza kuongea kilevi, muziki ukageuka wa mazishi, lakini kwa mara ya kwanza nikaona anachofanya na miguu! Siku hizi naiangalia kwanza nimekaa, na chai, mpaka mwisho. Nikisharidhika naikata vipande. Zoezi likizidi urefu, nalipunguza. Likinibana, naliachia. Lisilotengenezeka nalitupa kwenye mfuko wa vitambaa vya kufutia mashine, na sitaki mtu aniulize.

Kuchuchumaa, kwa mfano. Dada anashuka mpaka makalio yanakaribia kisigino, anapanda, anashuka. Mimi nikishuka kule inabidi kikao cha ukoo kikae kujadili namna ya kunipandisha. Nimeweka kiti cha mbao, mgongo wake umeegemea ukuta kisiteleze. Nakaa, nasimama bila kushika popote, nakaa, nasimama. Kochi halifai, kochi linameza mtu. Kiti cha plastiki nacho kina tabia ya kufungua miguu unapokiamini zaidi. Kiti cha mbao tu.

Pushapu za sakafuni nimeziacha kwa vijana. Nilianzia ukutani: mikono ukutani, miguu nyuma hatua moja, kifua kinakwenda na kurudi. Ukuta ulipozoeleka nikahamia meza yangu ya kukatia, ambayo ni imara na iko chini kidogo, na hapo ndipo mikono ilipoanza kutetemeka kiungwana. Kadiri unapoinamia kitu kilicho chini zaidi, ndivyo uzito wako unavyozidi kukuangukia, kwa hiyo meza inachagua ugumu, siyo yule dada. Planki, lile zoezi la kunyoosha mwili kama ubao na kubaki hivyo hivyo, pia nafanyia hapo hapo mezani, viwiko juu ya majarida ya mitindo. Na hapa nataka kuwashukuru watu wa matangazo ya biashara. Watu wanawalaani, mimi nawaombea dua. Wenzangu wanalipia yaondoke, mimi tangazo la sabuni likiingia katikati ya planki napiga magoti na kulitazama mpaka neno la mwisho.

Vyuma vya kunyanyua ni madumu mawili ya lita tano, maji nusu. Mama watoto anasema angalau sasa naweza kumchotea maji. Nesi alinikataza jambo moja tu kwenye kunyanyua: nisibane pumzi, maana presha inapanda palepale. Natoa pumzi ninaponyanyua, kwa kelele, jambo linalomfanya mbuzi wa mwenye nyumba anijibu kutoka uani.

Kuruka kote nimekugeuza kutembea papo hapo, magoti juu kiasi yanavyotaka yenyewe. Na ile burpee, jamani, ile ya kujitupa chini, unasukuma, unaruka juu unapiga makofi, nilikwenda kuitafutia asili yake nijue wa kumlaumu. Kumbe mzee wa watu hana kosa! Royal Burpee, Mmarekani wa New York, aliibuni miaka ya 1930 ili apime tu hali ya mtu: unachuchumaa, unarusha miguu nyuma, unairudisha, unasimama. Mara 4, halafu anakupima mapigo ya moyo. Basi! Hakuna pushapu, hakuna kuruka, hakuna makofi. Jeshi la Marekani likaidaka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mnajua jeshi likidaka kitu. Mimi nimerudi kwa mzee mwenyewe. Naishia mara 4, narudisha mguu mmoja mmoja, nimeshika kiti.

Halafu kuna wale wa "dakika 4 tu zinatosha". Wanataja Tabata, sekunde 20 kwa nguvu zote, 10 kupumzika, mizunguko 8. Daktari Izumi Tabata wa Japani alichapisha utafiti wake 1996, ni kweli. Lakini wasichokwambia ni kwamba waliopimwa walikuwa vijana wa michezo, tena wanakanyaga baiskeli mpaka nguvu zinaisha kabisa. Mimi niliposikia neno kukanyaga niliitazama cherehani yangu kwa heshima mpya. Nimeshona sare za shule usiku kucha Januari, hakuna aliyekuja kuchapisha.

Nguvu ya mwendo napima kwa mdomo. Nesi alisema, mazoezi ya wastani ni yale unayoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mimi nimeitengeneza ikae kifundi. Nikiwa natembea papo hapo, nikiweza kusema kwa pumzi moja, "Mama, nguo yako iko tayari, imebaki vifungo tu, pita kesho jioni," mwendo uko sawa. Nikiishia kwenye "vifungo", napunguza. Kuna mteja alinikuta nikijipima hivyo, akadhani namwambia yeye, akaondoka na hasira zake.

Maumivu nayo yana aina. Paja likiwaka moto, hiyo ni kazi, naendelea. Goti likichoma kama sindano, nasimama hapo hapo, dada aseme atakavyo. Kifua kikibana au kichwa kikizunguka, hapo siyo suala la video tena, ni hospitali. Lakini dada anasema, "Sauti inayokwambia acha ni ya uvivu." Dakika mbili kabla alisema, "Sikiliza mwili wako." Ajipange, nimsikilize nani?

Angalau Shirika la Afya Duniani wana ubinadamu. Mwongozo wao wa 2020 unataka dakika 150 mpaka 300 za wastani kwa wiki, na misuli siku mbili au zaidi, lakini ile habari ya zamani kwamba lazima upige dakika 10 mfululizo ndipo zihesabiwe, wameifuta. Kidogo kidogo kote kunaingia. Kwa hiyo mimi nafanya pindo moja, natembea papo hapo, nafanya pindo la pili, nakaa na kusimama. Mwanafunzi wangu mwanzoni alicheka. Sasa naye ananiiga nikigeuka, nimemwona kwenye kioo cha kujaribia nguo.

Kiuno cha hospitali siwaambii kimefika ngapi, hiyo ni siri yangu na futi kamba. Ila mama watoto jana kaja na simu, ameona video mpya ya mazoezi ya mgongo, inatumia ule mpira mkubwa wa kukalia. Ameshauliza bei Kariakoo. Nimemwambia mpira ule ukiingia sebuleni kwetu, kati yetu watatu mmoja atalazimika kulala nje. Akasema hana wasiwasi, mpira haukoromi.