Kabla hujatoa hela ya redio mpya, futa kwanza simu za yule Mjapani

Mimi naishi Sakina hapa Arusha na mama yangu yuko Moshi pale Majengo, kwa hiyo ile barabara ya kilomita 80 hivi naipita karibu kila wikiendi, na mama ukishamwambia tu nimetoka basi atapiga. Ukiwa Usa River anapiga, Kikatiti anapiga, ukikaribia Boma Ng'ombe anapiga tena, mwanangu umefika wapi. Sasa mwezi uliopita nipo Maji ya Chai simu ikaita, iko kiti cha pembeni, nikanyoosha mkono niichukue, kuja kuinua macho bodaboda keshaingia mbele yangu na amepakia mama ana mtoto mgongoni. Nilikanyaga breki mpaka mizigo ya nyuma ikaja mbele. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu sana, ila mikono ilitetemeka mpaka nafika Majengo, na nikaapa simu sishiki tena nikiwa kwenye usukani, lazima iingie kwenye spika za gari.

Gari langu ni haya madogo ya kutoka Japani tunayoendesha wengi wetu, redio yake ina kioo, ina Bluetooth, ina mpaka maiki pale juu karibu na taa ya ndani. Kila kitu kipo. Shida maandishi yote Kijapani, na kila nikiunganisha simu inaiona redio vizuri, nabonyeza, inazungukaaa, alafu inaniambia imeshindikana. Nilijaribu namba ya siri 0000, nikajaribu 1234, nikazima nikawasha, wapi.

Nikaenda kwa fundi wa redio hapa mjini. Hata hakukaa kwenye siti, kachungulia tu dirishani akaniambia kaka hizi za Japani hazishiki simu za sasa hivi, tukuwekee ya Android, laki tatu na nusu na ufundi humo humo. Na mimi nilikuwa nakaribia kabisa kumpa, maana sisi tumeshazoea kwamba redio ya Japani haifai. Tunaanzia kwenye stesheni, redio za kule zilitengenezwa kushika FM kuanzia 76 mpaka 90 na za kwetu zinapanda mpaka 108, kwa hiyo stesheni nyingi huzipati mpaka ufungiwe ile ekspanda, kile kifaa cha kuleta stesheni za juu kwenye redio ya Japani. Mtu akishaona hivyo basi fundi akimwambia na Bluetooth nayo imekufa anaamini bila kuuliza, na hapo ndo hela za watu zinapoenda bure.

Hela sikuwa nayo siku hiyo, ndo ikaniokoa. Usiku nikakaa kwenye gari na simu ya mke wangu ina ile app ya kutafsiri kwa kamera, nikawa napiga picha kioo cha redio ukurasa mmoja mmoja. Nikafika kwenye orodha ya simu zilizosajiliwa. Zilikuwepo tano, zote za mwenye gari wa kwanza huko Japani! Redio nyingi za gari zina nafasi chache za kukumbuka simu, ya kwangu ni hizo tano tu, zikijaa haipokei mgeni, na haisemi kwamba nimejaa, inakataa tu. Nikafuta zote tano. Kwenye simu nako nikafuta jina la redio ili vyote vianze upya, nikavuta hendibreki (ya kwangu bila hendibreki haikubali kusajili), nikaunganisha. Zikatokea namba sita kwenye redio na sita zile zile kwenye simu, nikakubali pande zote mbili, ikaingia. Ukiona hizo namba sita jua hakuna cha 0000 wala 1234, huo utaratibu upo toka Bluetooth za 2007, hapo unalinganisha tu na kukubali.

Ila haikuishia hapo. Muziki ulitoka kwenye spika safi kabisa, mama akipiga sauti inatokea kwenye simu. Hapa wengi wanakata tamaa na ndo pa kutulia, kwa sababu simu na muziki haviendi njia moja japo vyote ni Bluetooth. Ingia kwenye setingi za Bluetooth za simu yako, bonyeza jina la gari lako, utakuta swichi ya muziki na swichi ya kupiga simu, kila moja peke yake, na ya kwangu ya kupiga simu ilikuwa imezimwa. Ya tatu ni ya majina, hiyo ukiikataa simu zitaingia tu ila hutaona nani anapiga. Na kama mko wawili garini angalia isije ikawa simu ya mwenzako ndo imewahi kuingia, mke wangu akipanda redio inamshika yeye kwanza.

Kinachoniuma ni yadi zetu. Gari linaoshwa, tairi zinapakwa dawa zinang'aa, siti zinanukia, lakini hakuna hata mmoja anayegusa kumbukumbu ya redio, kazi ya dakika tano ambayo ingemfanya mteja atoke pale simu yake imeshaungana na mikono yote miwili iko kwenye usukani. Mimi nadhani hiyo iwe sehemu ya kukabidhi gari kama ilivyo spea tairi na jeki. Na wewe unayeuza gari lako kwa mtu, futa simu yako kabla hujatoa funguo, redio nyingi zinavuta majina na namba zote za watu wako na zinabaki nazo humo.

Kwangu imebaki simu za WhatsApp, hizo mara nyingine zinaingia kwenye spika mara nyingine zinakataa, kwa hiyo nikiwa njiani sizipokei kabisa mpaka nisimame. Mama nimemwambia apige ya kawaida. Jumamosi alipiga nikiwa Kikatiti, nikabonyeza kitufe cha kwenye usukani, akaniuliza mbona leo unasikika kama uko ndani ya pipa, nikamwambia niko salama mama, nakuja.