Mabango kando ya barabara za mandhari: ardhi yako, macho ya nani?

Ishu ya mabango kwenye zile barabara za mjini zilizopandwa miti pande zote ili dereva afaidi mandhari, Marekani wanavutana nayo miaka nenda miaka rudi. Mwenye kiwanja anasema ardhi yangu, kodi nalipa, kampuni ya matangazo inanipa hela ya pango, wewe unanizuia eti bango linakukera? Na hoteli ndogo iliyojificha mbali na njia kuu, bila bango nani ataijua?

Hiyo ya hoteli ina jibu. Jimbo la Vermont walipiga marufuku mabango 1968, serikali ikaweka vibao vidogo vya kuelekeza na wageni wanafika tu. Hawaii, Maine na Alaska nao hawayataki.

Ya "ardhi yangu" ndo inanisumbua, maana bango ukiligeuza litazame shambani halina thamani tena, thamani yake yote ni macho ya madereva na hao wameletwa na barabara iliyojengwa kwa kodi za wote. Afu majimbo kadhaa yanaruhusu kampuni ikate miti kwenye hifadhi ya barabara, ardhi ya umma hiyo, ili tangazo la wakili wa ajali lionekane vizuri!

Lakini kupiga marufuku nako kuna mambo. Sheria ya mabango ya nchi nzima ya 1965, ile aliyoipigania Lady Bird Johnson, mke wa rais wa wakati huo, iliweka mpaka wa futi 660 kutoka ukingo wa barabara kuu, watu wa mabango wakasogea nje ya mpaka huo wakajenga makubwa zaidi mpaka 1974 ikabidi irekebishwe. Maeneo ya biashara na viwanda sheria hiyo iliyaruhusu mabango, na mjini hayo ndo mengi. Jiji la San Diego walijaribu kufuta mabango, 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa sheria yao, sio kwamba uzuri wa mji si hoja, hapana, ila iliyapa matangazo ya biashara nafasi ambayo ujumbe mwingine, wa siasa kwa mfano, haukupewa.

Siku hizi miji inabadilishana, kampuni inang'oa mabango kadhaa ya zamani inapewa kibali cha moja la kidijitali. Kwa idadi mji umepata, ila hilo skrini linawaka usiku kucha na picha inabadilika kila sekunde chache, jicho linavutwa hata kama hutaki. Mi ningekubali kama linapelekwa kwenye maduka huko, mbali na barabara ya mandhari. Kama linabaki palepale, bora yale ya zamani, angalau yametulia.