Gonja za gari zima

Najua mmeshaipata ile sauti ya WhatsApp. Jamaa yangu anasema nililia ndani ya taksi. Sikulia. Ulikuwa moshi wa kuku wa Namawojjolo, lile soko la nyama choma kando ya barabara ya Jinja kwenda Kampala.

Tunatoka Jinja, taksi imejaa abiria 14, wasiohesabiwa ni wale wa mapajani. Mbele yangu kakaa Hajati mmoja anasoma kitabu. Nikachungulia jalada: The Body in the Library, Agatha Christie. Ala! Si ile filamu yangu? Ile ya runinga ya Uingereza ya 2004, Geraldine McEwan ndiye Miss Marple, yule bibi mpelelezi, na VJ, mtafsiri wa filamu wa kibanda chetu, kwa Kiganda chake anamwita Jjajja, yaani bibi. Nimeitazama mara tatu. Kwamba ilitoka kitabuni, ndiyo kwanza nagundua. Lakini mdomo wangu mnaujua.

Nikamnong'oneza jamaa, mnong'ono wa kufika hadi kwa dereva: "Huyu mama anajisumbua bure. Mimi wauaji nawajua wote wawili."

Hajati hakugeuka. "Wataje, mwanangu."

"Nitakuharibia utamu, Hajati."

"Hii ni mara ya nne nakisoma. Wataje."

Konda akadakia: na ukikosa? Nikajibu, nikikosa nawanunulia gonja, zile ndizi za kuchoma, gari zima. (Nashukuru Mungu sikusema kuku.) Nikawataja wawili wangu. Hapa siwarudii, aibu ya kumwaga siri za watu imenitosha.

Hajati akanyamaza hadi tulipofika Namawojjolo. Gari liliposimama akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya mtandio. Akaivaa. Akalamba kidole, akaanza kufunua kurasa kutokea nyuma, moja moja, kama anahesabu mahari. Kisha akanikabidhi kitabu.

"Soma mwenyewe. Kwa sauti."

Basi ndugu zangu, mimi na Kiingereza cha 1942, madirisha yote yamezibwa na vijiti vya kuku na gonja, na wachuuzi wenyewe wameacha kupiga kelele wanisikilize. Jina la kwanza nikalikuta. "Mnaona?" Nikageuka nikawachekea hata wa kiti cha nyuma kabisa. Nikaendelea. Jina la pili... si lenyewe. Nikarudia mstari polepole. Nikafunua ukurasa wa pili yake, pengine huko mbele watabadili mawazo.

"Jina, ssebo," akasema konda.

Nikalitamka kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa sato.

Taksi ililipuka. Mchuuzi mmoja alipiga kigelegele, na hata filamu yenyewe hajaiona! Hajati akaniambia kwa upole, na upole ndio uliouma: "Filamu yako ilimbadilisha mmoja. Ungetazama ile ya BBC ya 1984, ya Joan Hickson, ungepona. Ile imefuata kitabu."

Nikaomba nusu alama. Walikataa wote, mpaka mtoto aliyepakatwa alitikisa kichwa.

Nikalipa gonja 14, dereva na konda nao wakajihesabu. Hela ya boda mjini nilikopa kwa huyohuyo aliyewatumia sauti, kwa hiyo msimsikilize sana, ananidai.

Kitabu nimekipata cha mtumba, chanwachanwa kidogo. Nimekianza jana usiku, kutokea ukurasa wa mwisho.